Sura ya Tano: Mlima Unaokamua Mawingu

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa njiani kutoka Rabai kwenda Uchagani alipoona mbele yake, juu ya mlima, kitu cheupe kilichong'aa mithili ya wingu. Akamuuliza kiongozi wa msafara kile ni nini. Kiongozi hakuwa na jina la kitu chenyewe. Alijibu tu kwamba ni baridi. Rebmann aliandika habari hiyo akaipeleka Ulaya, na kule London mwanajiografia William Cooley, ambaye Kilimanjaro hakuwahi kuuona hata kwa mbali, akaikataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Ndoto ya msafiri mwenye homa. Ubishi ulidumu zaidi ya miaka kumi, hadi Baron Karl von der Decken alipopanda mlima huo mwaka 1862 na kuangukiwa na theluji yenyewe.

Tangu hapo macho ya dunia hayajabanduka kileleni. Utosi mweupe wa Kibo umechapwa kwenye kalenda, stempu, fulana na chupa za bia. Kwa hiyo barafu ile ilipoanza kupungua machoni pa watu, hofu ikapata picha yake tayari. Darasani, mikutanoni na kwenye daladala za Moshi ikasikika sentensi moja: theluji ikiisha, mito itakauka.

Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo inaelekea kutimia. Nusu ya pili imepotoka, na kosa lake si dogo, kwa kuwa linawakesha watu kwenye mlango ambao mwizi hapiti. Maji ya Kilimanjaro yanaguswa kweli na mabadiliko ya tabianchi. Ila anayetaka kuona yanavyoguswa itabidi ashushe macho kutoka kileleni, aingie msituni kwenye ukungu, afuate mifereji hadi bondeni, kisha ateremke na Mto Pangani kilomita zipatazo 500 hadi mjini Pangani, mahali ambapo maji baridi na maji chumvi husukumana mara mbili kila siku.

Barafu iliyokufa njaa

Kuhusu kileleni takwimu hazina utata. Mwaka 1912 barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Mwaka 2000, Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alipopanda na wenzake wakiwa na mitambo ya kuchoronga, zilikuwa zimebaki 2.2. Mwaka 2011 zilipimwa tena zikawa 1.76. Thompson alikadiria kwamba barafu yote ingeisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na mabaki bado yapo, yamekatikakatika na kusimama kama kuta za nyumba iliyobomolewa. Makadirio ya UNESCO ya mwaka 2022 yanasema huenda barafu yote ikatoweka kufikia 2050, pamoja na ile ya Mlima Kenya.

Swali ambalo watu husahau kuuliza ni barafu hiyo inakwenda wapi.

Juu ya Kibo, kwenye mita 5,895, hewa ni baridi chini ya nyuzi sifuri karibu mwaka mzima, tena ni kavu, na jua ni kali. Katika hali hiyo sehemu kubwa ya barafu haiyeyuki. Hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza, kama vile vibarafu vilivyosahaulika ndani ya friji vinavyopungua siku hadi siku bila kuacha tone. Watafiti Georg Kaser na Thomas Mölg wa Chuo Kikuu cha Innsbruck walionyesha kwamba maradhi ya barafu ya Kibo yalianza mwishoni mwa karne ya 19, hewa ya Afrika Mashariki ilipokauka karibu mwaka 1880. Mawingu yalipungua, theluji mpya ikawa haba, jua likapata nafasi. Hans Meyer, Mzungu wa kwanza kufika kileleni mwaka 1889, aliporudi mwaka 1898 alishangaa kukuta barafu imeshajikunja. Miaka tisa tu! Barafu ya Kibo ilianza kufa njaa kabla joto la leo halijaifikia.

Joto nalo limewasili. Katika barafu waliyoichoronga Thompson na wenzake, yenye kumbukumbu za takriban miaka 11,700, dalili za kuyeyuka na kuganda tena zilionekana kwenye tabaka la juu kabisa la uwanda wa kaskazini, na katika matabaka ya chini hazikuonekana. Kwa hiyo wanaosema kileleni hakuna jipya wanakosea pia.

Lakini kwa mwenye ndoo mkononi, kinachohesabika ni ujazo. Tuseme kilomita za mraba 2 za barafu zinapungua unene wa mita nzima kwa mwaka. Hizo ni mita za ujazo milioni 2, tena nyingi hupaa angani. Sasa tazama msitu unaouzunguka mlima, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,000. Ukipata mvua ya milimita 1,500 tu kwa mwaka, hupokea mita za ujazo bilioni 1.5. Ni hesabu ya vidole, lakini hata ikikosewa kwa nusu haibadilishi jibu: mito ya Kilimanjaro ni watoto wa msitu.

Shuka la mawingu

Mkazi wa Moshi mjini hupata mvua ya chini kidogo ya mita moja kwa mwaka. Akipanda kuelekea Marangu au Machame, mvua huongezeka kila kilomita. Kwenye mita kama 2,200 za mteremko wa kusini, ndani ya msitu, hufika karibu milimita 3,000. Juu ya hapo hupungua tena kwa kasi, na kileleni hazifiki 300. Sababu ni pepo za Bahari ya Hindi. Hewa yenye unyevu hugonga mlima, hupanda, hupoa, kisha hushindwa kuushika unyevu wake. Shuka jeupe ambalo wenyeji huliona limelala kiunoni mwa mlima tangu saa nne asubuhi ndicho kiwanda chenyewe.

Na si lazima mvua inyeshe. Ukungu unapopita kati ya miti, hugusa majani, magamba na zile ndevu za kijani-kijivu zinazoning'inia matawini. Matone hujikusanya, huteremka shina, huingia ardhini. Mti wa huko juu hukamua wingu kama mama anavyokamua tui: mkono mmoja haupati kitu, mikono elfu hujaza sufuria. Kadiri miti inavyokuwa mirefu na yenye matawi mengi ndivyo wingu linavyoacha maji zaidi. Ukungu huohuo ukipita juu ya nyasi fupi, huenda zake.

Maji yaliyoingia ardhini hayana haraka. Kilimanjaro ni volkeno, na miamba yake imejaa nyufa na matundu. Maji hupenya, husafiri gizani kwa miaka mingi, kisha hutokeza chini kwenye nchi kavu kama muujiza. Chemchemi za Nsere na Shiri huwanywesha watu wa Moshi. Miwaleni hububujika Kahe. Chemka, yenye maji maangavu ya uvuguvugu, imekuwa mahali pa vijana kuogelea kati ya vumbi na miiba. Upande wa pili wa mpaka, Amboseli nchini Kenya hupata mvua kidogo mno, mara nyingi chini ya milimita 400 kwa mwaka, na bado kuna vinamasi ambamo tembo hushinda wamezama hadi tumboni. Maji hayo ni ya Kilimanjaro, yaliyovuka mpaka chini kwa chini.

Safari hiyo ndefu ya gizani ni baraka wakati wa ukame, kwa kuwa chemchemi huendelea kutoa mito inapokonda. Ni hatari pia. Bomba la leo halisimulii kilichotokea msituni jana. Mtu anaweza kuharibu chanzo leo, na hati ya madai ikamfikia mwanawe.

Moto unaopanda

Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth ameutembea mlima huu kwa zaidi ya miaka 30, akihesabu miti na kupima mvua. Alichokikuta kilimfanya aipe kisogo barafu. Juu ya msitu wa mvua, karibu na mita 3,000 na kuendelea, upo msitu mwingine wa miti ya jamii ya erika, iliyojikunja na kufunikwa ndevu, iliyokuwa ikipanda hadi karibu mita 4,000. Msitu huo ndio uliokuwa ukisimama katikati ya ukungu. Moto umeula. Mpaka wa juu wa msitu umeshuka mamia ya mita, na mahali palipokuwa na miti leo pana vichaka vya kufika magotini.

Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2016 ilikadiria kwamba tangu 1976 moto umefuta hekta zipatazo 13,000 za msitu wa Kilimanjaro, na kwamba maji ya ukungu yaliyopotea kwa sababu hiyo yangetosha kunywesha watu milioni moja kwa mwaka. Mafuta ya moto huo ni ukavu: hali ya hewa yenye joto zaidi na siku ndefu bila ukungu huugeuza msitu wa juu kuwa kuni. Oktoba 2020 moshi ulionekana kutoka Moshi kwa siku kadhaa, na mamia ya watu wakapanda kupambana na moto kwa matawi na majembe. Oktoba 2022 ukarudi.

Mara nyingi lawama huangukia warina asali, wanaofukuza nyuki kwa moshi, au wawindaji haramu na mafiga yao. Huenda ni kweli. Lakini babu wa mrina asali naye alibeba kinga cha moto kilekile, na cheche yake ilizimika kwenye majani mabichi. Kilichobadilika ni msitu anamoingia mjukuu.

Tofauti ya barafu na msitu hapa ni kubwa. Kwa barafu hakuna mwanakijiji wala waziri anayeweza kufanya kitu. Kwa msitu yapo ya kufanya, na mengine yamefanywa: mwaka 2005 Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa kuujumuisha ukanda wa msitu, na ukataji wa magogo, uliokuwa umekithiri miaka ya 1990, ukapungua. Miti iliyolindwa huko chini ilianza kuziba mapengo. Moto wa huko juu bado haujapata mlinzi wa kutosha.

Masika yaliyopoteza kalenda

Mkulima wa Kilimanjaro huishi kwa misimu miwili: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Tangu miaka ya 1980 masika katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki yamekuwa yakidhoofika, mara nyingi kwa kuchelewa kuanza na kuwahi kuisha. Vuli kwa upande wake imekuwa ya kufoka. Mwishoni mwa 2019, maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipata joto kuliko ya mashariki kwa kiwango kisicho cha kawaida, na mvua zikamwagika kuanzia Somalia hadi Tanzania. Kisha kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano mfululizo ikashindwa kaskazini mwa Kenya, Ethiopia na Somalia. Ukame uligusa na Tanzania: Oktoba 2022 Mto Ruvu ulishuka, na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji, madumu yakapanga foleni mitaani. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2023, mvua kubwa iliporomosha tope la Mlima Hanang juu ya Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Nchi ileile, katika miezi isiyozidi 14, ililia kwa kukosa maji na ikalia kwa maji.

Fizikia ya jambo hili inaeleweka. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kwa takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya joto. Ni kama mtu aliyepewa gunia kubwa zaidi la kukusanyia: hukawia kulijaza, na akilimwaga, humwaga vingi kwa mpigo. Kati ya mmwago mmoja na mwingine hewa hiyohiyo hunyonya unyevu wa udongo kwa bidii zaidi. Jumla ya mvua ya mwaka inaweza isibadilike hata kidogo, na bado kisima kikakosa. Manyunyu ya siku 20 huzama ardhini. Kiasi kilekile kikishuka kwa siku tatu hukimbia juu ya ardhi, huchukua udongo, hufika baharini kabla chemchemi haijaonja.

Ushahidi wa zamani wa tabia hii umelala ubavuni mwa mlima, chini ya Ziwa Chala, lile ziwa la kreta lililopasuliwa na mpaka wa Kenya na Tanzania. Kila mwaka tope la ziwa hilo hujiandika mistari miwili. Kwenye miezi ya upepo na ukavu, vijimea vyenye magamba ya silika hustawi na kufa, na huacha mstari mweupe. Mvua huleta mstari mweusi. Mwaka mkavu wenye upepo huacha tabaka nene, mwaka wa mvua tabaka jembamba. Mwaka 2011 Christian Wolff na wenzake walichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa matabaka ya miaka 3,000 iliyopita na yale ya enzi ya barafu, zaidi ya miaka 18,000 iliyopita. Katika enzi ile ya baridi, mvua ya Afrika Mashariki ilikuwa kidogo lakini tulivu, mwaka huu ukifanana na mwaka ujao. Dunia ilipopata joto, mvua iliongezeka ikawa na pupa: mwaka wa neema, mwaka wa kilio. Tope la Chala halitabiri mwaka kesho utakuwaje. Linaonyesha tu kwamba joto na mvua isiyotabirika vimeshawahi kuja pamoja mahali hapa.

Mfongo na mgawanyo

Wachagga walijifunza zamani kutoliachia wingu kazi yote. Karne nyingi kabla ya serikali yoyote yenye mhandisi, walichimba mifongo: mifereji inayochepusha maji ya mto juu kabisa kwenye korongo, ikayapitisha ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba vya migomba, na baadaye kahawa. Mfongo ulikuwa na ukoo wenye mamlaka, zamu za kumwagilia, na kazi ya pamoja ya kuzibua na kukarabati. Asiyetokea kazini alitozwa. Wapare walifanya kama hivyo kwa ndiva, mabwawa madogo ya kulaza maji usiku ili asubuhi yashuke shambani kwa nguvu.

Mfumo huo ulibuniwa kwa mto usiobadilika sana na watu wachache. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 650,000 mkoani Kilimanjaro. Ile ya 2022 ilipata zaidi ya milioni 1.8. Chini bondeni kuna mashamba makubwa ya miwa ya Arusha Chini, maua, mboga, miji inayokua na mifugo. Katika miaka ya 1980, Japani ilisaidia kujenga skimu ya mpunga ya Chekereni, kusini mwa Moshi. Mpunga ulizaa vizuri kupita matarajio. Majirani wa juu ya mto wakaona, wakaanza kulima wao pia kwa maji yaleyale ya Mto Rau, na sehemu ya skimu iliyojengwa kwa zege ikabaki ikingoja maji yaliyoishia njiani.

Kwa hiyo si kila mto unaokauka umeuawa na tabianchi. Mto Ruaha Mkuu, kusini zaidi, ulianza kukatika wakati wa kiangazi mwaka 1993, na uchunguzi ulielekeza kidole hasa kwenye umwagiliaji na mifugo ya Usangu. Pangani nayo ina walaji wake. Mabadiliko ya tabianchi mara nyingi hufika kama mgeni wa mwisho kwenye sinia ambalo tayari lina mikono mingi. Hali chakula kingi, lakini anakuja wakati wali umebaki pembeni.

Ndiyo sababu bonde la Pangani, lenye takriban kilomita za mraba 43,000 na sehemu ndogo ndani ya Kenya, lilikuwa la kwanza kati ya mabonde 9 ya Tanzania kupewa ofisi yake ya maji, mwaka 1991. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imepanga foleni: kwanza mahitaji ya lazima ya watu, kisha mto wenyewe na viumbe vyake, ndipo wengine. Anayechota kwa shamba au kiwanda sharti awe na kibali. Ugumu ni kwamba kibali huandikwa kwa namba moja ya mwaka mzima au msimu mzima, na mto wa siku hizi haupendi namba moja. Katika mwaka wa vuli ya kufoka vibali vyote vinatoshelezwa na maji yanabaki. Katika mwaka wa masika mafupi, karatasi zilizopigwa mhuri huwa nyingi kuliko maji.

Hifadhi ya maji ya bonde hili ni Nyumba ya Mungu, bwawa la miaka ya 1960, mahali ambapo Ruvu itokayo Ziwa Jipe, si ile ya Dar es Salaam, hukutana na Kikuletwa. Lina mitambo ya megawati 8, lakini kazi yake kubwa ni kulea vituo vya chini: Hale yenye megawati 21 na Maporomoko Mapya ya Pangani yenye megawati 68. Ni bwawa pana, lenye kina kidogo, limelala kwenye nchi ya jua na upepo. Kila nyuzi ya joto inayoongezeka huongeza kiasi kinachopaa kutoka usoni mwake, hivyo bwawa ambalo lingekuwa kinga dhidi ya mvua zisizotabirika lenyewe linavuja kuelekea juu. Chini yake, vinamasi vya Kirua, vilivyokuwa vikifurika kila masika na kulisha samaki na malisho, vimesinyaa tangu bwawa lilipoanza kuyashika mafuriko. Mto unaotoka hapo kuelekea Korogwe hufuata amri ya mlango wa chuma, na amri hiyo hutegemea ni nani anayehitaji umeme.

Chumvi inayopanda

Hans Meyer aliujua mto huu ncha zote mbili, ya pili bila kupenda. Mwaka 1888, akijaribu kuufikia mlima, yeye na mwenzake Oscar Baumann walinaswa katika vita vya pwani dhidi ya Wajerumani wakawa mateka wa Abushiri bin Salim, tajiri mwenye mashamba ya miwa karibu na Pangani. Waliachiwa kwa fidia. Mwaka uliofuata Meyer alisimama juu ya Kibo, na Desemba ya mwaka huohuo Abushiri akanyongwa Pangani. Miwa ya Abushiri na barafu ya Meyer zilikuwa ncha mbili za bonde moja. Miwa ile ilistawi kwa sababu mto ulifika baharini ukiwa na nguvu, na maji baridi yakaizuia bahari isipande.

Mlango wa mto ni mahali pa mieleka. Maji baridi ni mepesi, hivyo hutiririka juu. Maji ya bahari ni mazito, hivyo hupenya chini kama kabari inayoelekea bara. Masika, mto ukiwa mnene, kabari husukumwa nje. Kiangazi, mto ukikonda, huingia. Bamvua huja kuisukuma ndani zaidi. Sasa ongeza mambo mawili: mto uliopunguzwa na bwawa, mashamba, moto wa msituni na masika mafupi, na bahari iliyopanda, kwa wastani wa dunia, karibu sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018. Mmoja analegea, mwingine anaongeza uzito. Kuna wakulima wa kando ya Pangani walioacha mashamba ya karibu na mto, na minazi iliyofia kwenye udongo ulioingiwa na chumvi ikabaki vigogo bila makuti.

Chini ya ardhi mchezo ni huohuo, ila una hila yake. Pwani, maji baridi ya visimani huelea juu ya maji chumvi. Kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Hesabu hiyo ina uzuri wa kutisha, kwa sababu inafanya kazi pande zote mbili. Kisima kikishushwa nusu mita tu, kwa pampu au kwa mvua haba, chumvi inaweza kupanda mita 20 kutoka chini. Unguja, isiyo na mto mkubwa wa kuitegemea, huishi juu ya hesabu hiyo kila siku, na ndivyo ilivyo kwa vijiji vingi vya mwambao kuanzia Tanga hadi Kilwa. Mwenye kisima hana haja ya kipimo. Chai ndiyo humwambia.

Mjini Pangani pantoni huvuka kwenda Bweni mchana kutwa, ikibeba bodaboda, magunia ya mkaa, kuku na wanafunzi. Chini ya sakafu yake ya chuma kuna maji ya tabaka mbili. La juu ni la rangi ya udongo, na ndani yake yamo matone yaliyokamuliwa na miti ya Machame, yaliyokaa gizani kwenye miamba, yaliyopita mfongo, mpunga, bwawa na mitambo ya Hale. La chini ni bahari. Masika abiria huona hudhurungi pekee, hadi nje ya fungu. Kufikia Februari, kabla ya mvua, maji ya kando ya pantoni huwa yamegeuka kijani, na wenye bustani huko juu ya mto huchota kwanza kiganjani, wakaonja, ndipo waamue kama leo pampu itawashwa.